Udongo wa Mizabibu

Siku yenyewe ilianza kwa supu ya maharagwe. Phébé, mwalimu wa Kifaransa kutoka Kamina, mwanamke mwenye lisansi ya chuo kikuu cha Lubumbashi na ulimi usiovumilia upuuzi, alikuwa ameketi jikoni kwa mjane mmoja wa Kiitalia aitwaye Assunta. Ilikuwa Septemba, mwaka wa themanini na tatu. Kanisa la Metodisti lilikuwa limemtuma Roma kwenye mkutano wa akina mama. Hotuba zilipoanza kujirudia, akaomba ruhusa ya siku mbili, akapanda basi hadi Montaspro, kijimji cha divai juu ya kilima.

Kamina ni tambarare kama sinia. Ukiona moshi wa treni ya Bukama, una muda wa kusonga bukari na kuila kabla treni haijafika. Montaspro imepanda kilimani kama mbuzi juu ya kichuguu, nyumba zimeshikana mabega zisije zikaporomoka. Chini ya kila nyumba kuna pango la mapipa ya divai, na kila pango lina tundu usawa wa miguu ya mpita njia. Ukipita, linakupumulia kwenye vifundo pumzi baridi ya zabibu zilizochacha. Phébé alijikuta anatembea katikati ya barabara.

Assunta alimmiminia divai. Phébé akakataa kwa adabu: Mametodisti wa Kamina hawanywi, angalau mahali panapoonekana. Walizungumza Kifaransa, maana mjane huyo aliishi miaka mingi Ubelgiji, mumewe akichimba makaa ya mawe. Assunta ndiye aliyemzika Nicodème, kaka mkubwa wa Phébé, fundi wa ndege wa Base, kambi ya jeshi ya Kamina, aliyeletwa Italia kwa mafunzo. Jumapili moja, miaka minane nyuma, pikipiki ilimtupa kwenye kona chini ya mji. Assunta alimpa nafasi aliyojiwekea mwenyewe makaburini, kando ya mumewe. Kisha akaandika barua Kamina.

“Sasa nalala,” Assunta alisema akitoa sahani. “Hapa wote tunalala hadi saa kumi. Usigonge mlango wa mtu. Saa hizi hatufungui.”

Phébé hakuwa na haja ya mlango wa mtu. Alikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga ndani ya mkoba, na maagizo ya mama yake, Mama Agar.

Mama Agar alikuwa kipofu, na tangu habari za kifo zifike hakuwahi kulala kitandani. Mwili haukurudi, matanga hayakufungwa. Miaka minane mkekani. Mwaka huo miguu yake ilianza kuvimba, akamwita binti yake.

“Minyi siwezi kufa nikiwa mu matanga,” alinong'ona. “Uniletee udongo ya pale analala. Uchote na mukono ya kushoto. Umuite jina, lote, ile nilimupa minyi. Umuambie: simama, twende kwetu. Kisha usiangalie nyuma. Na kila mto mutavuka, umuambie tunavuka, asibakie.”

“Mama, minyi niko mwalimu.”

“Njo vile. Utashika maneno yote.”

Saa nane mchana Phébé alitoka. Jua lilikuwa juu ya mji kama kifuniko juu ya chungu. Madirisha yote yamefungwa mbao. Hakuna mtoto, hakuna redio, hakuna hata kuku. Kwetu, mahali ambapo mchana wa jua kali hakuna sauti ya kuku, watu huuliza kuna nini.

Makaburini alipata mshangao wake wa kwanza. Hapakuwa na udongo. Wafu wa Montaspro wamepangwa ndani ya ukuta, mmoja juu ya mwingine, kama masanduku ya posta, kila mmoja na kibao chake cha marumaru. Chini ni sakafu ya mawe. Nicodème alikuwa safu ya tatu. Kibaoni waliandika KAPENDA tu, jina la pasipoti, maana Zaire ilikuwa imewavua watu majina ya ubatizo kama mtu anavyomvua mtoto shati chafu. Juu ya jina, picha yake kwenye kigae cheupe cha duara refu. Alikuwa anatabasamu, macho wazi, akimwangalia moja kwa moja.

Phébé alizunguka ukuta mara mbili akitafuta udongo. Saa zilikwenda. Basi la kurudi Roma lilikuwa saa kumi.

Nyuma ya ukuta, mteremkoni, kulikuwa na shamba la mizabibu. Mistari ilikuwa imenyooka, isipokuwa kwenye pembe moja ambapo mstari ulikatika. Hatua tatu za udongo mtupu, kisha mizabibu inaendelea.

Udongo ni udongo, Phébé alijiambia. Mama haoni.

Akapiga magoti. Akachota kwa mkono wa kushoto; hilo halikumgharimu kitu. Lakini jina lilimkwama. Mdogo hamtaji mkubwa wake kwa jina, na yeye maisha yake yote hakuwahi kumwita Nicodème ila Yaya, kama kwetu tunavyowaita wakubwa wetu. Tena aliona haya: mtu mwenye lisansi, anaongea na shamba. Akasema upesi, kama anayesoma tangazo asiloliamini:

“Yaya, simama. Twende kwetu.”

Akafunga kopo. Akaanza kupanda mji.

Alipofika kwenye ngazi za mawe, alisikia hatua nyuma yake. Viatu vizito. Viatu vyenye misumari chini. Kriki. Kriki.

Alisimama. Vikasimama.

Msomi hageuki nyuma kwa sababu ya ushirikina, na Phébé hakugeuka. Ila sababu haikuwa usomi.

Kriki. Kriki. Matundu ya mapango yalimpumulia miguuni, moja baada ya lingine. Kisha akagundua kitu. Kila alipopita tundu, pumzi ilikuja mara mbili. Mara moja kwa ajili yake. Mara moja baadaye kidogo.

Assunta alikuwa amesimama mlangoni, nywele wazi, hajalala. Alimwacha Phébé apite. Kisha akaendelea kushikilia mlango, akajibana ukutani, kama unavyompisha mtu wa pili mwenye mzigo. Ndipo akaufunga.

“Umechimba wapi?” aliuliza kwa sauti ndogo.

“Kwenye pembe isiyo na mizabibu.”

Mjane alikaa chini.

“Wakati wa vita alipita mwanajeshi mmoja. Hakuwa na karatasi. Wa upande gani, hatujui hadi leo. Alikuwa anatoka damu. Alipita mji mzima akigonga milango, saa nane mchana. Wote tulikuwa macho, na hakuna aliyefungua.” Akautazama mlango wake. “Hapa aligonga mara tatu. Baba mkwe wangu alimkuta asubuhi pale kwenye mizabibu, akamfukia palepale. Mzabibu haukushika tena mahali hapo. Mrudishe, binti yangu.”

“Basi langu linaondoka saa kumi, mama. Na mama yangu anakufa.”

“Hukumwita kaka yako kwa jina?”

“Nilimwita Yaya tu. Nikamwambia: simama, twende kwetu.”

“Karibu miaka arobaini,” Assunta alinong'ona, “hakuna aliyemwita kitu chochote. Halafu wewe unamwambia twende nyumbani.”

Phébé angeweza kurudi mteremkoni, ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Mwenyewe hajawahi kujitetea kwa hilo. Alilishika kopo, akapanda basi. Kiti cha pembeni yake kilibaki kitupu hadi Roma, ingawa watu wengine walisimama. Wiki moja baadaye, treni ya kutoka Lubumbashi ilipofika daraja la Bukama, juu ya maji mapana ya Lualaba, alishindwa kujizuia.

“Tunavuka,” alinong'ona kwenye mkoba.

Mtu akashusha pumzi. Kwenye behewa lile, kila mtu mwingine alikuwa amelala.

Kamina walifanya kama inavyofanywa. Walikata kigogo cha mgomba mahali pa mwili, wakakifunga shuka, wakamwaga udongo juu yake, wakakifukia uani, mchana kweupe. Mchungaji Malachie alipita na baiskeli akiangalia upande wa pili kwa bidii kubwa.

“Ulimuita jina?” Mama Agar aliuliza.

Phébé, aliyekuwa akiwaadhibu wanafunzi kwa uongo mdogo kuliko huo, alijibu: “Nilimuita, mama.”

Usiku huo kizee alilala kitandani.

Kesho yake, saa nane mchana, mlango uligongwa mara tatu.

“Fungua,” Mama Agar alisema. “Yaya yako njo huyu.”

Phébé alifungua. Jua tu. Uwanja alikuwa ameufagia mwenyewe asubuhi. Kutoka kwenye lile kaburi la mgomba hadi kizingitini zilikuja nyayo za buti, zenye alama za misumari. Zilikuja. Hazikurudi. Nyuma yake, ndani ya nyumba, kiti kililia, kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mzito.

Ikawa hivyo kila mchana, msimu mzima wa mvua. Mama Agar alidai sahani mbili za bukari na mboga ya lengalenga. Alizungumza na kile kiti, akacheka, akakikemea.

“Hasemi tena Kiluba,” alilalamika. “Kule walimuharibia ulimi. Na mikono yake, weye Phébé! Baridi sawa samaki.”

Nyumba ya Kimetodisti ilianza kunuka zabibu zilizochacha. Akina mama wa kanisa waligundua kwamba wana shughuli nyingi. Mama Likoke tu, mke wa mwanajeshi wa Base, mwanamke aliyeuza beignets, yaani maandazi, barabarani, hakujali.

“Yaya Phébé, ule mugeni yenu iko na heshima,” alisema siku moja akigeuza mafuta. “Ananisalimia na kichwa. Lakini na hii jua, sababu gani munamuvalisha koti? Na damu ile hapa ku tumbo, hamuione?”

Phébé aliacha beignets zake pale pale.

Mwezi wa nne Mama Agar alifika mwisho. Ilikuwa mchana. Phébé alipiga magoti kando ya kitanda.

“Mama, nilidanganya. Sikumuita jina. Huyu si Yaya.”

Kizee alitafuta uso wake kwa vidole.

“Nilijua siku ya kwanza,” alinong'ona. “Nilimuzaa minyi. Nisijue mikono yake?”

“Sasa sababu gani...”

“Alipiga hodi, mutoto. Muntu akipiga hodi, unafanya namna gani? Naye kuko mama mwenye alimuzaa.” Alipumua kwa shida. “Nicodème njo mwenye kubakia. Anangoja mu ukuta. Acha. Nitaenda minyi. Huyu anajua njia.”

Kiti kililia. Mtu alisimama.

Walimzika kesho yake. Siku iliyofuata Phébé alifagia uwanja, akaingia kulala. Hakulala. Saa nane hakuna aliyegonga. Alipotoka, nyayo za buti zilikuwa zinatoka nyumbani kwa mara ya kwanza. Pembeni yake kulikuwa na nyayo za miguu mitupu, midogo, wa kushoto ukiburuta kidole gumba. Alizijua. Alizifuata hadi stesheni, hadi ukingo wa jukwaa. Hapo zikaisha. Treni haikuwa imepita Kamina kwa siku nne.

Barua ya Assunta ilifika mwezi wa saba, katikati ya kiangazi. Ilikuwa fupi.

*Tangu uondoke,* aliandika, *kulikuwa na mtu anagonga kila mchana. Nilifikiri ni mlango wangu. Haukuwa mlango. Ilikuwa makaburini, ndani ya ukuta, safu ya tatu. Wote tulisikia, hakuna aliyesema. Mwezi wa tano kukanyamaza. Siku hiyohiyo, saa nane, wakagonga kwangu. Mara hii nilifungua. Sikuona mtu, lakini hatua za buti zilipita ndani, nazo hazijatoka. Namwekea supu. Nisamehe jambo moja: picha ya kaka yako imeng'oka kibaoni. Tumeitafuta kote, hatuioni.*

Phébé alikuwa bado ameishika barua. Saa ya ukutani ilisema saa nane.

Mlango uligongwa. Mara moja, polepole.

Hakuinuka. Akakumbuka jina lililomkwama kule kwenye mizabibu, akaona kwamba sasa hakuna mama wa kumdanganya.

“Kapenda Nicodème,” alisema, lote, kama alivyopewa. “Mutoto ya Agar. Ingia. Tulifika kwetu.”

Hata kuku walinyamaza.

Alipofungua, uwanja ulikuwa safi kama alivyouacha, hakuna unyayo hata mmoja. Kwenye kizingiti kulikuwa na donge la udongo mwekundu, bado mbichi, na Kamina haikuwa imeonja mvua kwa miezi miwili. Juu ya udongo, kile kigae cheupe cha duara refu, na matundu mawili ya parafujo.

Kiko ukutani kwake hadi leo, na majirani wote wamekiona. Nicodème anatabasamu vilevile. Ila macho amefumba, kama mtu aliyelala, na Phébé anaapa kwamba kule Montaspro yalikuwa wazi.

Pembeni ya bega lake, sehemu ambayo zamani ilikuwa nyeupe tupu, kuna mkono wa kizee umemshika.

Hakuna aliyepiga picha hiyo.