Ndege Saba Kwenye Kamba

Kila asubuhi Salha alimpitia Harithi, jirani yake wa mtaa wa Mkonze, waende shule. "Nishafika mlangoni!" Harithi alijibu, na kumbe bado anatafuta soksi. Watu wazima wengi wana ugonjwa huohuo kwenye simu, kwa hiyo hakuna aliyemkemea.

Ijumaa hiyo klabu ya sayansi ilikuwa na jaribio la mwisho. Mwalimu Fabian alifunga kamba ndefu uwanjani iwe mfano wa njia ya ndege za abiria juu ya bahari, yenye mafundo matano ya vituo. Wanafunzi saba walikuwa ndege. Walifungwa vitambaa machoni, wakatembea wakiishika kamba. Zipora, mwongozaji wa ndege, alikaa darasani asikoweza kuwaona. Ndege ikitaja kituo ilichofika, alisogeza punje ya mahindi ya ndege hiyo kwenye ramani yake, ili msongamano uonekane. Kila kituo ndege moja tu. Wakikosea, hawaendi maonyesho ya mkoa.

Mwalimu alipokwenda stoo mara moja, Harithi alisimama kituo cha pili kutoa kijiwe kiatuni.

"Harithi, uko wapi?" Zipora aliita kwa sauti kutoka darasani.

"Nishafika cha tatu!"

Zipora alisogeza punje, akamruhusu Salha aingie cha pili. Salha akaja kwa kasi, puu! Wote wawili chini, goti la Salha likachubuka.

Mwalimu alirudi mbio. Alipoitazama ramani alikunja uso. "Zipora, umeweka punje pasipo na ndege. Jumatatu mwenzako Amina atashika nafasi yako."

Ramani ile Zipora aliichora kwa wiki tatu, na sasa machozi yalimlengalenga. Harithi aliona aibu hadi masikio yake yakawaka moto.

"Mwalimu, Zipora hana kosa," alisema. "Mimi nilisema nimefika, na sikuwa nimefika. Salha, nisamehe."

Mwalimu aliwapa nafasi moja zaidi, wakarudia jaribio. Safari hii Harithi alipoulizwa alijibu, "Bado niko cha pili," na Salha akasubiri. Hakuna aliyemgonga mwenzake, Zipora akabaki na nafasi yake, na safari ya maonyesho ikabaki palepale.

"Rada ya nchi kavu haifiki katikati ya bahari," Mwalimu Fabian aliwaambia. "Mwongozaji hutegemea taarifa zinazotoka ndegeni. Ukisema 'bado', mwenzako atasubiri. Ukisema 'nishafika' nawe hujafika, umemruhusu apite njia uliyoiziba mwenyewe."