Aliyerudi Kutoka Soy

Kituyi hakuwa mtu wa kupiga hodi kwake mwenyewe. Lakini Jumamosi aliyorudi kutoka Soy, alisimama nje ya nyumba yao ya mtaa wa Pioneer akabisha mpaka mkewe, Kavetsa, akashangaa.

"Si uingie?"

"Nikaribishe."

"Haya, karibu, mgeni!" Kavetsa akacheka. Mumewe akaingia, na harufu ya udongo mbichi ikaingia naye.

Kazi ya Kituyi ilikuwa kurekodi video mahali watu walipofia. Maelfu walimfuata mtandaoni. Kifo kikiwa kibaya zaidi, nao walizidi kuomba kingine. Huko Soy, mashambani, alikuwa ameenda kwenye boma moja lililoachwa tupu baada ya wenyewe kufa wote.

Tangu siku hiyo Kavetsa akawa anamtazama kwa jicho la pembeni. Ugali mumewe aliunusa tu, akausukuma kando. Mbwa wa jirani alimkwepa. Halafu mchana mmoja, akiwa jikoni, Kavetsa alimsikia chumbani akijifunza kucheka, kile kicheko cha Kituyi, akikirudia na kukirudia, kikikaribia kufanana lakini hakifiki, huku harufu ya udongo ikipenya chini ya mlango.

Alitoka mbio hadi kwa Mama Nyokabi, mwombezi wa kanisani kwao.

"Mama, huyo aliyerudi kutoka Soy si bwanangu," alinong'ona.

"Ulimkaribisha?"

"Kwa mdomo wangu."

Mama Nyokabi alichukua sweta. "Basi bwanako bado yuko huko Soy. Twende."

Walimkuta Kituyi kwenye boma lile, ameketi sakafuni, midomo imepasuka, simu hana.

"Niliwaambia watazamaji karibuni kwa marehemu," alisema kwa shida. "Mtu akajibu nyuma yangu, 'Asante. Wewe keti.'"

Walimshikilia mpaka nyumbani. Mlangoni Mama Nyokabi akakataa kutangulia. "Wewe ndiye ulimwalika, Kavetsa. Mfukuze wewe. Mimi nitaomba."

"Toka!" Kavetsa alilia kuelekea chumbani. "Hapa si kwako!"

Baridi iliwapita mlangoni, na chumba kikabaki kitupu. Simu hawakuiona.

Kituyi aliapa kutorekodi tena. Lakini siku chache baadaye rafiki yake Ronnie akampigia Kavetsa. "Mwambie Kituyi video ya leo ni moto!"

Kavetsa akaifungua kwenye ukurasa wa Kituyi. Ilikuwa imerekodiwa nje ya ua wao, jua likiwaka, yeye mwenyewe akianika nguo, hana habari. Chini yake watu walikuwa wanaandika, mmoja baada ya mwingine: msogelee zaidi.