Ukungu Kwenye Jicho la Chui

Kila siku akitoka shule, Nyau alikuwa akivua viatu mlangoni na kunawa mikono hadi viwikoni, kama daktari anayejiandaa kupasua mtu, ndipo anaruhusiwa kuingia chumba cha kazi cha Bibi. Nyau hakuwa paka. Alikuwa msichana wa darasa la sita, mwembamba, mwepesi wa mdomo. Jina hilo alibandikwa na Bibi mwenyewe, kwa kuwa alipozaliwa kilio chake kilikuwa kama cha paka mchanga aliyefungiwa kabatini.

Chumba kile kilikuwa na pazia zito jeusi dirishani na meza ndefu katikati. Kutani zilitundikwa picha kubwa, nyeusi na nyeupe, za simba, chui na duma. Zote zilikuwa kazi ya Bibi. Alikuwa mpiga picha wa wanyama wa porini, na sifa zake zilikuwa zimefika mbali. Hakupenda picha za simba wanaonguruma kwa hasira. Alikuwa akikaa garini kimya mpaka mnyama asahau kwamba yupo, kisha anampiga picha akilamba mtoto wake, au akiwaza mambo yake kama mtu.

Kazi ya Nyau ilikuwa kupuliza vumbi kwenye kamera, kufuta lenzi kwa kitambaa laini na kuchaji betri. Huku akifanya hivyo, Bibi humtania.

"Taratibu, mke mwenzangu! Lenzi hiyo unaisugua kama sufuria iliyoungua!"

"Basi ifute mwenyewe, wewe si ndiye mke mkubwa?" Nyau humjibu, nao hucheka.

Bibi alikuwa na sharti moja. Katika picha, jicho la mnyama lazima lionekane wazi kabisa. Sikio likipotea, si kitu. Mkia ukififia, si kitu. Lakini jicho likiwa na ukungu, picha inafutwa. Ndiyo maana hakuiamini kamera ilenge yenyewe. "Hii mashine haina akili," alisema. "Ikiona jani mbele ya simba, inalenga jani." Aliizungusha lenzi kwa mkono, akitegemea macho yake.

Msimu ule Bibi alikuwa akijiandaa kwa maonyesho makubwa katika ukumbi wa sanaa mjini. Alirudi kutoka mbugani nguo zikiwa na unyevu na uso ukiwa na furaha. Mjomba, ambaye ndiye humwendesha, alisema walikaa kwenye manyunyu tangu asubuhi, chui yuko juu ya mti, hadi alipoamua kushuka.

"Alinitazama hivi," Bibi alimwambia Nyau, akimkazia macho. "Maisha yangu yote nimemngoja chui yule. Njoo uone."

Picha ilifunguka kwenye kompyuta. Nyau aliinama karibu. Majani yaliyokuwa mbele ya pua ya chui yalionekana moja moja, hata matone ya mvua yaliyoning'inia kwenye ncha zake. Lakini jicho la chui lilikuwa kama limefunikwa kwa pamba.

"Jicho limekaaje?" Bibi aliuliza.

Nyau alimtazama. Bibi alikuwa akitabasamu kama mtoto anayesubiri kusifiwa.

"Limekaa vizuri sana, Bibi."

Neno lilimtoka tu. Picha ya pili ilikuwa ya simba jike na watoto wake, nayo ilikuwa vilevile. Nyau akasema ni nzuri. Ya tatu, ya nne, zote akazisifu, na kila sifa ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia.

Tangu hapo alianza kuona mambo ambayo zamani hakuyatilia maanani. Bibi alimimina chai ikapita pembeni mwa kikombe, akalaumu kikombe. Asubuhi moja aliliamkia koti lililotundikwa nyuma ya mlango, akidhani ni Mjomba, tena akalikasirikia kwa kutoitikia. Nyumba nzima walicheka, na Bibi akacheka kuliko wote. Nyau hakucheka. Mama yake alipomuuliza mbona amekuwa mpole siku hizi, alisema ana mafua.

Alitaka kusema ukweli. Lakini kila akifungua mdomo, alimwona Bibi akizunguka chumbani akiimba, akipanga chui atundikwe wapi na simba atundikwe wapi, naye akaufunga tena.

Kisha mchapaji akaja na picha ya kwanza ya majaribio. Alikuwa mtu mstaarabu, aliyechapisha kazi za Bibi kwa miaka mingi. Aliikunjua mezani, na ile picha ikaenea karibu meza nzima. Katika ukubwa ule, ukungu haukuwa na pa kujificha.

Mchapaji alikohoa. "Mama, nikuulize. Hili jicho ulilitaka hivi hivi? Siku hizi wapo wanaopenda mambo ya ukunguukungu."

"Ukungu gani?" Bibi aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Labda wino wako umeisha nguvu. Nyau, hebu mwambie huyu jicho lilivyo."

Wote wawili wakamgeukia. Nyau alihisi mashavu yakimwaka moto. Kusema "liko vizuri" kulikuwa rahisi. Mchapaji angekwenda, picha zingechapishwa zote, na siku ya maonyesho Bibi angesimama mbele ya watu, kila mtu akiona asichokiona yeye.

"Halionekani, Bibi," alisema, na machozi yakamtoka. "Hata zile nyingine hazionekani. Nilikudanganya."

Mchapaji alitazama viatu vyake, akaaga kwa upole, akatoka. Bibi alivuta kiti akaketi.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza. Ulikuwa umefurahi, nikaogopa kukuvunja moyo."

Bibi alipitisha kidole ukingoni mwa karatasi. Nyau alingoja kugombezwa. Badala yake alivutwa na kukumbatiwa.

"Hebu sikia. Mimi mwenyewe nilikuwa najua," Bibi alisema kwa sauti ya chini. "Nikiwasha taa naiona ina duara la moshi. Nikiziba jicho la kushoto, la kulia halinionyeshi uso wako. Niliogopa daktari ataniambia nimefika mwisho wa kazi. Basi nikawa nakuuliza wewe, ili nisimwulize yeye. Nimekutwisha mzigo usio wako, mjukuu wangu."

Kesho yake Mama aliomba ruhusa kazini, wakaenda hospitali watatu. Daktari wa macho, msichana mwenye mikono mitulivu, alimchunguza Bibi kwa taa ndogo.

"Una mtoto wa jicho," alisema. "Macho yote mawili, ila la kulia ndilo limezidi."

"Watoto nimezaa watano na wote nawajua," Bibi alijibu. "Huyu wa jicho ametoka wapi?"

Daktari alicheka, akaeleza kwamba lenzi iliyo ndani ya jicho imepoteza uangavu wake. Ataitoa na kuweka nyingine safi. Ni upasuaji mdogo, na huanza na jicho moja kwanza. "Ila umekaa nalo sana, Bibi. Ukizidi kungoja, kazi huwa ngumu zaidi. Wengi hukaa nyumbani kwa woga, wakati tiba ipo."

Msimamizi wa ukumbi alipigiwa simu, naye akakubali kusogeza maonyesho mbele. Bibi akapasuliwa jicho la kulia. Siku bandeji ilipofunguliwa, alipepesa, akamtazama Nyau kwa makini.

"Kumbe una kovu kidevuni!"

"Nilianguka kwenye ngazi, Bibi. Mwaka jana!"

"Mwaka jana," Bibi alirudia, akaligusa lile kovu kwa ncha ya kidole.

Likizo ilipofika, jicho la pili nalo likiwa limepona na daktari ametoa ruhusa, Mjomba aliwapeleka mbugani kupiga upya picha za maonyesho. Walimkuta duma amelala juu ya kichuguu, watoto wake wakimpanda mgongoni na kuteleza. Bibi alizungusha lenzi polepole, akapiga, akampa Nyau kamera.

Nyau aliitazama picha kwa muda. "Jicho liko wazi kabisa, Bibi. Lakini huyu mtoto umemkata kichwa."

Bibi aliangua kicheko mpaka duma akainua shingo kuwatazama. Alipotulia, alimshika Nyau mkono.

"Hivyo ndivyo ninavyotaka," alisema. "Siku ile ulinificha ukweli kwa kunipenda, nami nikajidanganya kwa kuogopa. Tungeendelea hivyo, ningepoteza macho huku tukitabasamiana. Mpende mtu, mjukuu wangu, na umwambie ukweli, taratibu, tena mapema. Na mwili wako ukikuonyesha dalili, usijifanye huoni. Nenda ukapimwe."

Kisha akaichukua kamera, akaizungusha tena lenzi, akangoja yule mtoto wa duma apande upya.