Ndege Ndogo Kwenye Ngano Kavu

Kila siku, kengele ya mwisho ikilia, Bernadina hakwenda nyumbani moja kwa moja kama wenzake wa darasa la sita. Alizunguka nyuma ya maghala ya shamba la ngano la serikali, akapita katikati ya matrekta, akaingia kwenye chumba kidogo cha karakana kilichonuka mafuta ya nyonyo. Humo alimkuta Fundi Xavery, ambaye mchana alitengeneza redio za shamba na jioni aliunda ndege.

Ndiyo, ndege! Lakini si za kupanda watu. Zilikuwa ndege ndogo za mbao nyepesi, na injini ya kila moja ilienea kiganjani. Fundi alijifunza kuziunda kwa wataalamu wa kigeni waliofanya kazi shambani hapo zamani, nao walipoondoka walimwachia masanduku mawili ya vifaa. Ndege ikishapaa, mtu alisimama chini ameshika kisanduku cha redio chenye vijiti viwili, akaiongoza kwa vidole. Watoto wa kambi ya wafanyakazi wa shamba walimwita Bernadina "rubani wa nzi" kwa sababu ya mlio wa zile injini, naye hakujali. Kwa miezi mitano alikata mbao, akabandika gundi, akapiga msasa, akapaka rangi nyekundu, mpaka ndege yake mwenyewe ikakamilika.

"Kuna mambo mawili, Bernadina," Fundi Xavery alimwambia siku moja. "Ndege ikikugeukia, kushoto kwake kunakuwa kulia kwako. Ukisahau, utaiangusha. Kila rubani ameangusha, hata mimi. La pili ndilo linalonitia hofu."

Akamwaga tone la mafuta ya ndege juu ya bati lililokuwa juani, akawasha kiberiti. Bernadina akakodoa macho, asione kitu. Fundi akashika jani kavu kwa koleo, akalipitisha juu ya lile bati. Jani likajikunja, likawa jeusi.

"Umeona? Mafuta haya ni spiriti. Yakiwaka juani huoni mwali. Kwa hiyo ngano ikikauka, hakuna kurusha. Tutasubiri mpaka kombaini zimalize kuvuna."

"Nimeelewa, fundi," Bernadina akajibu.

Mwaka huo ngano ilikauka mapema. Kila adhuhuri upepo ulishuka kutoka Mlima Hanang, na mashuke yakasuguana kwa sauti iliyosikika mpaka ndani ya nyumba. Watu wazima waliacha kuvuta sigara hata milangoni mwao. Baba yake Bernadina, Basili Margwe, dereva wa kombaini, alikuwa akisimama uani jioni akitazama mashamba, uso umekunjamana.

"Cheche moja tu," alimwambia mkewe Konsolata, "na kazi yetu ya mwaka mzima imekwisha."

Jumamosi moja Fundi Xavery alipanda basi kwenda Haydom kumwona mkewe aliyelazwa hospitalini. Alimwachia Bernadina ufunguo wa chumba ili afagie. Laiti angefagia tu akaondoka! Lakini asubuhi hiyohiyo Patriki, mwanafunzi mwenzake, alikuwa amemchokoza bombani mbele ya wasichana wengine.

"Ndege gani hiyo isiyopaa? Umeunda pambo la ukutani."

Maneno hayo yalimchoma. Alifagia huku akiitazama ndege yake nyekundu, akafagia tena mahali palepale, mwishowe akaweka ufagio chini. Alijiambia kwamba dakika tatu hazina neno. Alijiambia pia kwamba atairusha juu ya barabara ya vumbi tu, ngano hataigusa. Mtu akitaka kukosa hakosi sababu nzuri.

Aliibeba ndege na kisanduku cha redio, akapita njia ya nyuma, asionekane na mtu. Injini ikawaka alipoijaribu mara ya pili, ndege ikakimbia barabarani, ikapaa. Jamani, ilipaa! Bernadina alicheka peke yake. Ikaenda mbali, akaigeuza, ikaanza kurudi ikimwelekea. Hapo upepo wa mlimani ukaisukuma. Akavuta kijiti upande wa kushoto, ndege ikazidi kulalia upande usiotakiwa. Akavuta zaidi, ikajipindua na kuzama katikati ya ngano.

Aliifikia akihema. Bawa moja lilikuwa limevunjika, tangi limepasuka na mafuta yamelowesha mabua. Hakuona moto wala moshi. Hewa juu ya injini ilikuwa ikitetemeka, na joto likamgusa miguuni.

"Ni jua tu," akasema kwa sauti, kana kwamba kuna mtu aliyemuuliza.

Mara akasikia mluzi wa mchungaji na kengele za ng'ombe. Mzee Gidamis, Mbarbaig aliyezoea kuwaletea maziwa nyumbani kwao, alikuwa akija barabarani na mifugo yake kuelekea majini. Bernadina hakutaka kuonekana. Akainama, akapenya kwenye ngano akiwa na kisanduku chake, akakimbia. Alifunga chumba cha karakana, akarudi nyumbani na kuanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

King'ora cha shamba kikalia.

Moshi ulipanda mnene na wa njano, ukafunika jua. Wanaume walikimbia na magunia yaliyoloweshwa. Matrekta yalivuta majembe ya sahani kukata ukanda wa udongo mtupu mbele ya moto, na Basili akiwa kwenye mojawapo, akipotea ndani ya moshi na kutokea tena. Konsolata alishika rozari bila kuhesabu. Ilipofika saa nane moto ulizimwa, lakini sehemu kubwa ya ngano ilikuwa imegeuka majivu, na Basili alirudi mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa.

Walinzi nao hawakurudi mikono mitupu. Walikuwa wamemkamata Mzee Gidamis.

"Tumemkuta palepale," mlinzi mkuu alimwambia meneja mbele ya ofisi, watu wamejaa. "Ana kiberiti. Tena tazama shuka lake, limeungua! Ushahidi gani mwingine tunautaka?"

"Mimi nilikuwa napiga moto na hii shuka," Gidamis akasema taratibu. "Niliona unaanza, nikapiga. Ukanishinda."

"Mwongo!" Basili akapaza sauti. "Mnatuchukia tangu tulipolima malisho yenu hapa. Leo mmetuchoma!"

Bernadina alikuwa hajawahi kumsikia baba yake akisema hivyo na mtu aliyekunywa chai nyumbani kwao. Meneja alitangaza kwamba Land Rover ya polisi ingefika kutoka Katesh saa kumi. Gidamis aliketishwa chini, mikono imefungwa kamba, na ng'ombe wake wote wakafungiwa ndani ya ua wa waya. Walikuwa hawajafika majini, wakaanza kulia. Walilia bila kunyamaza, wakubwa kwa ndama, mpaka kambi nzima ikawa kama ina msiba.

Bernadina alirudi nyumbani, akaketi jikoni ameziba masikio. Akisema, baba atafukuzwa kazi na nyumba ya shamba itachukuliwa. Fundi Xavery naye atafukuzwa, mkewe yuko kitandani. Asiposema, mzee yule atakwenda jela na ng'ombe wake hawatajulikana waliko. Akatazama saa ya ukutani. Saa tisa na nusu.

"Una nini wewe?" mama yake akamuuliza. "Umekuwa kama mgonjwa."

Ng'ombe walilia tena, Bernadina akapiga moyo konde, akatoka mbio mpaka ofisini, akajipenyeza kati ya watu.

"Shikamoo, bwana meneja," akasema. "Si Mzee Gidamis. Ni mimi. Nilirusha ndege, ikaanguka kwenye ngano."

Watu wakageuka kumtazama. Kisha mlinzi mkuu akacheka. "Kidude cha mbao kichome shamba? Mtoto anamwonea huruma muuza maziwa wao."

"Bernadina, nyamaza!" Basili akafoka. "Haya ni mambo ya wakubwa."

"Baba, twende nikuonyeshe. Injini iko kwenye majivu."

Basili akamtazama mwanawe usoni, hasira ikamtoka ghafla, ikabaki hofu. Wakaenda: yeye, meneja na walinzi wawili. Ardhi ilikuwa bado ya moto na moshi ulitambaa chini kwa chini. Bernadina alihesabu hatua kutoka barabarani, akachokoa majivu kwa fimbo, mara ya kwanza pasiwe na kitu, mara ya pili pia. Vumbi la Land Rover lilikuwa limeshaonekana mbali barabarani. Mara ya tatu fimbo ikagonga chuma. Injini ndogo, nyeusi, ikaviringika mbele ya kiatu cha meneja. Pembeni kidogo, ukingoni mwa majivu, palikuwa na ncha ya shuka iliyoungua, na nyayo za ndala za matairi zilizokanyagakanyaga mahali pamoja, za mtu aliyepambana na moto peke yake.

"Mfungueni," meneja akasema.

Gidamis akafunguliwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye ua wa waya, akafungua lango, akaondoka na ng'ombe wake kuelekea majini.

Basili hakufukuzwa kazi, ila alipewa barua ya onyo. Chumba cha Fundi Xavery kilifungwa, na hakuna aliyejua kama kingefunguliwa tena. Fundi aliporudi kesho yake hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Bernadina zaidi.

"Kuanguka ningekusamehe," akamwambia. "Lakini uliona hewa inatetemeka. Nilikufundisha maana yake. Ungekuja mbio kusema, ndoo mbili za maji zingetosha."

Jumapili hiyo, baada ya misa, Basili alimchukua binti yake mpaka nyumbani kwa Mzee Gidamis. Walimkuta ameketi nje ya boma, alama za kamba bado mikononi.

"Shikamoo, mzee," Bernadina akasema.

"Marahaba."

Basili alivua kofia. Alisema kwamba alimwita mtu mwema mwongo, na kwamba ana aibu. Bernadina naye akaomba radhi huku machozi yakimtoka. Gidamis alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mtoto.

"Nikuulize. Kama ile gari ya polisi ingekuja mapema, mimi ningekuwa ndani. Ungefuata Katesh kusema?"

Bernadina alitaka kusema ndiyo. Lilikuwa jibu zuri na watu wazima wawili walikuwa wanalisubiri.

"Sijui, mzee," akasema mwishowe.

Gidamis akaitikia kwa kichwa polepole.

"Sasa nakuamini," akasema. "Sikia, mtoto. Wewe uliogopa saa chache tu. Mimi ndiye nilikaa chini na kamba. Ukiwa na kosa lako, liseme siku hiyohiyo, tena mapema, maana ukilificha kuna mtu mwingine analibeba."