Maji ya Moto Shingoni

Haya hayakunikuta mimi, na mkiona ni uzushi kamuulizeni mwenyewe. Rafiki yangu ni mzamiaji, husafisha wavu wa chuma chini ya bwawa la umeme. Maji ya kule ni baridi hadi kwenye mifupa. Kwa hiyo kabla hajazama, shemeji yake huvuta kola ya vazi lake la mpira na kummiminia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai.

Siku hiyo walikuwa wamenuniana, akazama bila kumiminiwa. Chini kulikuwa na giza totoro, hasikii ila pumzi zake zikibubujika. Meno yakaanza kugongana. Ndipo akasikia kifuniko kikizungushwa taratibu nyuma ya kisogo chake. Kola ikavutwa. Joto likateremka mgongoni.

“Huyu shemeji ana mizaha ya kijinga,” akawaza, akaibuka amefura kwa hasira.

“Kwa nini umenifuata chini?”

“Nikufuate na nini? Mtungi wa hewa tunao mmoja, na umeubeba wewe.”

Nguo za shemeji zilikuwa kavu. Chupa ilikuwa kando yake, imejaa pomoni.

Rafiki yangu alifungua zipu, akavua vazi. Maji yaliyomwagika miguuni pake yalikuwa yakifuka mvuke.