Bamia Zilizoshinda Kisu

Asubuhi katika nyumba ile ilianzia bustanini. Kabla chai haijachemka, mlango wa uani ulikuwa umeshafunguliwa, na kila mtu ana chombo chake mkononi: Mama na ndoo ya nyanya, Baba na kikapu cha matango, Kaka na beseni la pilipili hoho. Majira ya joto yalikuwa yanaelekea ukingoni, na mboga zote, kana kwamba zimekula njama, ziliamua kuiva kwa pamoja. Nyanya zilipangwa dirishani, juu ya kabati, hata juu ya redio. Matango yalijaa mezani mpaka watu wakawa wanakula sahani zikiwa magotini.

"Tukikosa pa kulala," alisema Kaka, "tuhamie bustanini, nyanya tuziachie nyumba."

Mtu alichuma popote palipoiva, akaleta jikoni, na Mama akagawa: hizi za leo, hizi za kuanika, hizi za majirani. Tuta moja tu halikuguswa. Lilikuwa tuta la mwisho, karibu na ukuta, na lilikuwa la Ndimu.

Jina hilo alibandikwa na Kaka, aliyedai kwamba dada yake akinuna hata maziwa yanaganda. Ndimu alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba, ambaye ni seremala, alimpa tuta lile baada ya kusumbuliwa kwa muda mrefu, akamwambia, "Chukua. Ukilima ni lako, usipolima ni la magugu." Ndimu alilima. Alivunja madongoa kwa mikono, akapanda mbegu za bamia, na kila jioni, jua likiwa bado kali, alibeba maji kutoka bombani huku wenzake wakicheza barabarani. Sasa mibamia ilikuwa imempita kimo.

Tena alikuwa na sababu. Siku ya kufunga shule, kila mwanafunzi alitakiwa aweke kwenye meza ya darasa kitu alicholima kwa mikono yake, wazazi waje waone. Ndimu aliazima beseni la buluu la Mama, akalisugua kwa mchanga, akaliweka chini ya kitanda chake likisubiri.

Siku moja alirudi kutoka shuleni, akapitia bustanini kama kawaida, akakuta tuta lake limechumwa lote. Vilibaki vikonyo tu, vimekatwa vizuri kwa kisu.

Alikwenda jikoni moja kwa moja, begi likiwa bado mgongoni. Shangazi yake, dada wa Baba aliyeishi nao, alikuwa amesimama mbele ya jiko. Huyu alikuwa akifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na siku hiyo wafuaji wenzake walikuwa wamekuja kumtembelea. Sauti zao zilisikika sebuleni.

"Nani kachuma bamia zangu?" Ndimu aliuliza.

Shangazi hakugeuka. "Salamu umeiacha shuleni?"

"Shikamoo. Nani kachuma bamia zangu?"

"Marahaba. Nimechuma mimi. Nina wageni. Ulitaka niwape nini, majani?"

"Ungeniomba."

"Nikuombe wewe? Bamia? Katika nyumba ya kaka yangu?" Shangazi alicheka, akapaza sauti upande wa sebuleni. "Jamani, mnasikia? Siku hizi mboga ina mwenyewe, na mwenyewe hajaota jino la mwisho."

Wageni wakacheka. Kicheko kile kilimchoma Ndimu kuliko bamia zenyewe. Alifunua sufuria, akaziona zimekatwakatwa zinachemka pamoja na nyanya. Akakiachia kifuniko kikaanguka sakafuni, kikazunguka kwa kelele mpaka kikatulia.

"Huo ni wizi," alisema.

Shangazi aligeuka polepole, mwiko mkononi.

"Hebu rudia."

"Ni wizi. Kuchukua kitu cha mtu bila kumwambia ni wizi. Shuleni ndivyo tunavyofundishwa."

Mama aliingia mbio, akamshika Ndimu bega, akamtoa nje kabla maneno hayajazaa mengine.

Jioni Baba aliwaita wote wawili barazani. Alikuwa mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata, na katika maneno pia alikuwa hivyo. Alimsikiliza dada yake mpaka mwisho, kisha akamsikiliza binti yake mpaka mwisho, kisha akajitoa kibanzi cha mbao kidoleni.

"Dada," alisema, "tuta lile nilimpa mtoto. Mimi nikitoa, nimetoa. Ungemwambia."

"Nimwambie mtoto niliyemwogesha mwenyewe?"

"Ndiyo, huyohuyo. Na wewe, binti, shangazi yako haitwi mwizi mbele ya wageni wake. Umwombe radhi."

"Aanze yeye," alisema Ndimu.

"Nianze mimi?" Shangazi alisimama, akajifunga kanga vizuri. "Nitaanza mimi siku jua litakapochomoza jikoni."

Baba alishusha pumzi. "Haya. Kuanzia leo hakuna atakayegusa tuta lile ila mwenyewe. Hayo mengine mtayamaliza mkishapoa."

Lakini hakuna aliyepoa. Kesho yake Ndimu alizungushia tuta kamba, akaning'iniza kitambaa chekundu. Kaka alipopita na beseni lake alisimama, akajipekua mifukoni. "Nimesahau pasipoti," alisema. Ndimu hakucheka. Alipokula, alikaa na mgongo upande wa Shangazi. Alipomwamkia, alitema salamu kama mtu anayetema mbegu ya chungwa, na Shangazi aliitikia vilevile.

Hasira ile ilimpa mpango. Mibamia ilikuwa bado na nguvu, na vitumba vipya vilikuwa vinatoka. Siku ya kufunga shule ilikuwa wiki ya pili kutoka hapo. Basi hatachuma hata moja. Ataziacha zote mtini, zikue, zinenepe, na siku hiyo atajaza beseni bamia ambazo darasa zima halijawahi kuona. Tena Shangazi atazipitia kila siku akienda kuanika nguo, azione, na asionje hata moja. Wazo hili la mwisho lilimpendeza kuliko yote.

Bamia zikakua. Zilipita urefu wa kidole, zikapita urefu wa kiganja, zikapinda ncha kama pembe za mbuzi. Ndimu alizitazama kila asubuhi, mikono kiunoni.

Siku moja Shangazi alikuwa anaanika nguo karibu na pale. Alizitazama bamia zile, akashindwa kujizuia.

"Zichume hizo," alisema. "Bamia haingoji mtu."

Ndimu hakumtazama. Aliuambia ukuta, "Kuna watu wakikatazwa kuchukua, wanaanza kutoa ushauri."

Mkono wa Shangazi ulisimama hewani na shuka lake. Kisha alilitupa kambani, akalivuta kwa nguvu mpaka kamba ikalia. "Haya," alisema. "Mimi simo tena. Hata ziote meno."

Siku chache baadaye Ndimu aliona maua yamepungua. Mwanzoni kila asubuhi kulikuwa na maua mapya, ya manjano, yenye moyo wa zambarau iliyoiva. Sasa aliliona moja tu, kesho yake halikuwepo hata moja. Alifikiri ni jua, akaongeza maji. Mama, aliyekuwa akimenya nyanya mlangoni, alimwona anahangaika.

"Mwulize shangazi yako. Ndiye aliyetufundisha sote kulima bamia katika nyumba hii."

"Basi alime zake."

"Mwanangu, hasira haimwagilii."

"Maji ninayo, Mama," alijibu Ndimu, akainua ndoo.

Alasiri ya kuamkia siku ya kufunga shule, alivaa shati la mikono mirefu ili vinyweleo vya mibamia visimwashe, akachukua kisu cha jikoni na beseni la buluu. Alishika bamia ya kwanza, ile ndefu kuliko zote, akakata. Kisu kiliteleza. Akakata tena. Ilibidi akisukume kisu mbele na nyuma kama msumeno wa Baba, na bamia ilipoachia, ililia kama kijiti kikavu. Aliipasua. Ndani kulikuwa na nyuzi ngumu, na mbegu zimekauka kama changarawe.

Alijaribu nyingine. Alijaribu ya mti wa pili, na wa tatu. Alikata na kutupa, akakata na kutupa, mpaka beseni likajaa vijiti vya kijani ambavyo hata mbuzi angevifikiria kwanza. Maua hayakuwepo. Vitumba havikuwepo. Jasho lilimtiririka, likachanganyika na machozi, na machozi yakamzidishia hasira. Alilipiga beseni teke, likapinduka. Kisha akashika shina la mbamia wa kwanza kwa mikono miwili, akaanza kuling'oa.

"Acha."

Shangazi alikuwa amesimama nje ya kamba, bado amevaa sare ya kazini.

"Niache. Umefurahi sasa," alisema Ndimu bila kuachia. "Cheka. Waite na wenzako waje wacheke."

"Sikuja kucheka."

"Ulijua." Sauti ya Ndimu ilikatika. "Ulijua zitakuwa ngumu, na ulikuwa unapita hapa kila siku."

Shangazi alitazama bamia zilizotapakaa chini.

"Nilijua," alisema. "Nilikwambia mara moja, ukanijibu vibaya, nikasema moyoni, muache akome. Kila siku nilikuona unazilinda, na kila siku nilisema hivyohivyo. Mtu mzima mimi." Alifuta uso kwa kiganja. "Na siku ile ya wageni nilikukosea. Tuta lako, jasho lako, nikachuma bila neno, kisha nikakufanya kichekesho kwa watu. Nisamehe."

Ndimu alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa neno hilo. Mikono yake ililegea kwenye shina. Alikaa chini, mgongo ukutani, akalia mpaka kwikwi zikamwisha.

"Na mimi nilikuita mwizi mbele ya wageni wako," alisema hatimaye. "Nisamehe, Shangazi."

"Nimesamehe. Sasa usiing'oe. Bado iko hai."

Alivuka kamba, akachuchumaa. Akamwonyesha Ndimu namna ya kupima bamia kwa kidole gumba: ukikunja ncha, changa inakatika, iliyokomaa inapinda tu. Akamweleza kwamba mbamia ukiona matunda yake yamekomaa, unajua kazi yake ya kuzaa mbegu imekwisha, haupotezi nguvu kutoa maua mengine. "Ndiyo maana tunachuma siku moja, tunaruka moja, tunachuma tena. Kuchuma hakuumalizi mti. Ndiko kunakoufanya uzae."

"Nilidhani nikiziacha ndiyo zitakuwa nyingi."

"Na mimi ningedhani hivyo, kama nisingeambiwa."

Walikata zote zilizokomaa, hata zilizojificha chini ya majani. Waliondoa majani makavu, wakaweka samadi kidogo kwenye mashina, wakamwagilia. Walipomaliza, mikono iliwawasha wote wawili, na jua lilikuwa limezama.

Kesho yake Ndimu alikwenda shuleni na bamia moja ngumu. Meza ya darasa ilijaa nyanya, maboga na vitunguu vya wenzake. Mwalimu wa kilimo alipomfikia, aliigonga ile bamia mezani, ikatoa mlio wa kijiti.

"Hii ndiyo yako?"

"Ndiyo, mwalimu. Zote zilikomaa hivi. Niliambiwa nichume, nikakataa kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia aliyeniambia."

Darasa likacheka. Mvulana wa nyuma akauliza kama ni ya kula au ya kupigia ngoma. Ndimu alihisi uso unamwaka, lakini hakukaa chini mpaka alipowaeleza yote: kupima kwa kidole gumba, kuruka siku, na kwa nini maua yalikoma. Mwalimu aliwaambia waliolima bamia wanyanyue mikono, na wawili kati yao walikiri kwamba na zao zilikuwa zimeacha kutoa maua, hawakujua kwa nini.

Nyumbani mibamia ilikaa kimya siku kadhaa, kama mgonjwa anayejifikiria. Kisha asubuhi moja, katika baridi ndogo ya kwanza, ua la manjano lilifunguka kwenye mti wa pili. Baada yake yakafuata mengine, na bamia changa zikaanza kuchomoza, laini, zenye vinyweleo. Ndimu alichuma, akaruka siku, akachuma. Zilipoizidi nyumba, alizipeleka kwa jirani mwenye mtoto mchanga.

Asubuhi moja akiwa amepiga magoti kwenye tuta, alisikia mtu nyuma yake.

"Hodi," alisema Shangazi. Alikuwa amesimama ukingoni, bakuli tupu mkononi. "Wafuaji wenzangu wanakuja leo. Nilikuwa naomba bamia, mwenye bustani akipenda."

Ndimu alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Karibu, Shangazi."

Shangazi aliingia, akachuchumaa karibu naye. "Nikuambie kitu, mwanangu, na mimi najiambia. Siku ile ulikuwa na haki ya kukasirika. Mtu akikukosea, sema, dai chako, kwa adabu. Lakini ukishasema, rudi kazini. Tulivyokaa na hasira, wewe hukusikia neno la kweli kwa sababu limetoka kinywani mwangu, na mimi nikalificha neno la kweli kwa sababu linakufaa wewe. Neno la kweli ulipokee hata likitoka kwa uliyemnunia."

"Nimesikia, Shangazi."

"Haya. Nichume zipi?"

Ndimu alikunja ncha ya bamia moja kwa kidole gumba, ikakatika kwa mlio mdogo. Akampa kisu.

"Anzia huku," alisema. "Na wale wageni waambie nani kalima."