Kitabu Kilichoachwa Wazi

Seremala alirudi kutoka karakana akiwa hoi, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Alimkuta mkewe ameketi kitandani na sare yake ya usafi, simu mkononi.

"Bado?"

"Bado. Siku ya pili leo. Kila nikikifungua kitabu, naambiwa kinasomwa na mtu mwingine."

Mke alikuwa akifagia ofisi asubuhi na kusomea uuguzi mchana. Mtihani wa dawa ulikuwa keshokutwa. Akianguka angerudia mwaka mzima, naye alishasema nguvu za mwaka mwingine hana.

"Kitabu cha kwenye simu kinasomwaje na mtu mmoja tu?" seremala akafoka. "Kwani ni kiti cha kinyozi? Kesho twende wote huko maktaba ya chuo."

Mkutubi, mama mmoja mwenye miwani, aliwasikiliza huku akizuia miayo.

"Shemeji, chuo hakikununua kitabu chenyewe. Kimenunua nafasi ya kukisoma. Hiki kina nafasi moja. Mmoja akiwa ndani, wengine wanangoja." Akatazama kompyuta. "Ajabu. Aliye ndani ni wewe mwenyewe, dada. Umeingia tangu Jumatatu, kwa simu nyingine."

Mke akageuka polepole. "Baba watoto, Jumatatu nilikisoma kwenye simu yako. Ulikifunga?"

"Nikifunge? Nilikutunzia ukurasa! Nimeiwekea simu isizimike, naitembeza na chaja kama mgonjwa na dripu."

"Siku tatu?"

"Siku tatu. Hata kula, nakula nikiiangalia."

Mkutubi alicheka mpaka akavua miwani. "Mashine haijui mume, inahesabu simu. Ukurasa uandike kwenye karatasi. Ukimaliza kusoma, bonyeza 'toka'. Na ukikosa nafasi, bonyeza 'omba'. Maombi yakiwa mengi ndipo tunanunua nafasi zaidi. Kwa kitabu hiki sijapata ombi hata moja."

"Na darasa zima tunalalamika!" mke akasema. "Kumbe tunalalamikiana wenyewe kwa wenyewe."

Seremala akabonyeza 'toka' bila kumtazama mtu. Mke akaingia papo hapo, akasoma hadi maktaba ikafungwa. Baada ya mtihani aliwaeleza wenzake, wakaomba wote. Kabla ya mwezi kwisha, nafasi zikawa tano.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu. Alikuja karakana kumwambia mumewe, akaketi juu ya mbao, akasinzia kabla hajamaliza kusema, viatu miguuni. Seremala akazima msumeno, akapiga magoti, akamvua viatu.